Dungu la Mama na Makombora ya Mbali

Mama yangu alisoma kisomo cha watu wazima tu, akaishia kuandika jina lake na kusoma namba. Lakini swali gumu kuliko yote niliyoulizwa katika maisha yangu ya kufundisha fizikia aliniuliza yeye, akiwa anapepeta uwele uani kwetu Misigiri, bila hata kuniangalia.

“Eti mwalimu, hayo makombora yanaweza kuzuiwa yasifike, au hayawezi?”

Aliniita mwalimu pale tu alipotaka jibu lisilo na maneno mengi. Siku za kawaida niliitwa baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake, na akikasirika niliitwa wewe. Nilikuwa nimestaafu, nimerudi nyumbani kulima na kubishana na mbuzi, na nilidhani nimeshamalizana na maswali ya watu.

Swali lenyewe lilikuwa na mtu ndani yake. Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wa mama, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za ndani. Vita ilipoanza upande ule, makombora yakawa yanapita juu ya mji aliokuwa anaishi, na mengine hayakupita, yalishuka. Redio ya mama ilikuwa inasema kila jioni kwamba mengi yamezuiwa angani. Mama alikuwa halipendi hilo neno “mengi”.

Na alikuwa na sababu ya kutaka jibu upesi. Binti alipoondoka, mama alimwambia mbele yetu sote: “Ukishika jembe, usiliache katikati ya shamba.” Yule binti ni mbishi kwa watu wote duniani isipokuwa mama. Mimi nilishamsihi arudi, akanijibu kwamba amebakiza miezi minane ya mkataba na mama hajamwambia aache jembe. Kwa hiyo nikisema makombora yanazuilika, atabaki. Nikisema hayazuiliki, mama atamwita, na akiitwa na mama atarudi.

Sasa niseme ukweli wangu mapema. Siku ile mama ananiuliza, nilikuwa na meseji ya sauti kwenye simu, ya siku mbili nyuma, ambayo mama alikuwa haijui.

“Shikamoo kaka. Juzi kingine kimedunguliwa juu yetu kabisa. Kimedunguliwa kweli, nimeona kwa macho yangu. Lakini kaka, kinachodunguliwa nacho lazima kianguke. Kipande kimeangukia hapa chini wanapoegesha magari, gari la jirani limeungua lote. King’ora kikilia wenye nyumba wanashuka kwenye chumba cha chini, mimi nabaki jikoni, wanasema huko chini hapatoshi. Usimwambie mama, tafadhali.”

Nami nilikuwa sijamwambia. Nilijiambia namlinda mama na presha. Wanaume tuna maneno mazuri sana ya kuficha woga.

Mtu ambaye hajawahi kuwaona kwelea kwelea asinisimulie habari za mashambulizi ya anga. Sisi tulikua nayo. Uwele ukianza kujaza, wale ndege wadogo, mmoja hafikii hata uzito wa kidole gumba, wanakuja maelfu kwa maelfu kutoka upande wa mbugani, na kelele yao unaisikia kabla hujawaona. Wakishuka kwenye shamba asubuhi, saa nne unakuta masuke yamebaki miti mitupu. Hakuna cha serikali wala cha mzungu. Kuna wewe na dungu lako.

Dungu letu mama alilijenga mwenyewe, maana baba alikuwa kibarua mashamba ya mkonge na alirudi mara moja kwa mwaka. Nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi la kukinga kichwa tu. Kutoka pale juu zilitoka kamba kwenda kila pembe ya shamba, zimefungwa makopo yenye kokoto ndani. Ukivuta kamba hii, pembe ile inalia. Baadaye zilipokuja kaseti, tukawa tunatandaza tepu zilizoharibika juu ya masuke, zikipigwa na upepo zinavuma. Ndege waliziogopa wiki moja. Wiki ya pili wakawa wanatua juu yake.

Silaha kubwa ilikuwa kombeo. Mama alifinyanga vidonge vya udongo wa kichuguu, akavianika, akavipanga kwenye beseni bovu pale juu ya dungu. Alikuwa fundi, sijaona mwingine. Nilipokuwa nakosa kila ninachokilenga alinicheka mpaka akashika mbavu, halafu akanifundisha: “Huwapigi ndege, baba. Unapiga pale mbele, wanapotaka kufika.” Alirusha kidonge kikapita mbele ya kundi, na kundi zima likakunja kona kama shuka linalokung’utwa. Nilikuja kulifundisha jambo hilo kidato cha tatu kwa ubao na chaki, na sikuwahi kulieleza vizuri kama yeye.

Natamani asubuhi zile. Natamani harufu ya uwele mbichi uliochomwa motoni na kupukuchuliwa viganjani, ukila mpaka meno yanafanya weusi. Natamani baridi ya mwezi wa tano juu ya dungu, mama amenifunika na khanga yake yeye akibaki na gauni, anasema hasikii baridi, meno yakimgonga. Nimekaa vyumba vingi vya kupanga katika kazi yangu, lakini mahali nilipowahi kujisikia mkubwa ni pale juu ya fito.

Na tulikuwa na desturi. Mashamba yetu yalipakana, dungu kwa dungu, na ndege ukiwafukuza kwako hawaendi mbinguni, wanakwenda kwa jirani. Kwa hiyo ukiwafukuza ilikuwa lazima uite: “Kwako!” Jirani naye ajibu: “Nimeona!” Kwa Kinyiramba maneno ni mafupi zaidi na yanafika mbali, lakini maana ndiyo hiyo. Unaita mara tatu. Asipojibu, unashuka kwenye dungu lako unakimbia kwake, hata kama kwako kumebaki wazi. Huenda amelala, huenda anaumwa, huenda nyoka. Asiyejibu hukimbiliwa. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwamba ndege wametoka kwake. Lawama ilikuwa ya kunyamaza.

Mwaka nilipokuwa na miaka kama kumi, jirani yetu wa upande wa chini, mama mmoja mjane, alinisemea kwa mama kwamba nimelamba asali yake. Ni kweli nililamba. Lakini kunisemea ndiko kuliniuma, nikawa na kinyongo naye ambacho hakikunitosha mwilini. Asubuhi moja mama alikwenda kisimani akaniacha peke yangu juu ya dungu. Ndege wakaja. Nilivuta kamba zote, nikarusha vidonge, na kwa mara ya kwanza kidonge changu kikapita mahali pake na kundi likakunja kona. Nilijiona jemadari. Nikawaangalia wanavyoshuka kwa yule mama, taratibu, kama mvua inayohamia ng’ambo. Dungu lake lilikuwa tupu, moshi unatoka jikoni kwake.

Mdomo ulikuwa wazi niite. Nikaufunga.

Mama aliporudi na ndoo kichwani, shamba la jirani lilikuwa limekwisha. Yule mjane alikuwa amekaa chini katikati ya miti mitupu, hata halii. Mama alitua ndoo, akaniangalia pale juu.

“Uliwaona wakienda?”

“Sikuwaona.”

Hakunichapa. Hakuniuliza mara ya pili. Mavuno yalipokwisha alisema tu kwamba jirani atakula kwetu hadi msimu mwingine, na wa kupeleka chakula ni mimi. Kila jioni nikabeba bakuli la ugali wa uwele na mlenda, nikapiga hodi, nikasema shikamoo. Yule mama akapokea kwa mikono miwili na kila jioni akaniambia: “Mungu akuzidishie, baba. Una moyo.” Mwaka mzima. Ningechapwa ningeshasahau.

Basi siku ile uani mama akaniuliza lile swali lake, na mimi, badala ya kutoa simu, nikatoa somo. Lo, nilifundisha. Nilichukua mbegu za alizeti nikazipanga chini mbele yake. Nikamwambia kombora likiwashwa linatoa moto mkali, na huko juu kuna setilaiti, vyombo vinavyozunguka dunia, vinauona ule moto dakika hiyohiyo na kutoa taarifa. Mashine ya chini inapiga hesabu litapita wapi, inarusha kombora lingine likalipige lile la kwanza hewani.

“Yaani wanapiga mbele, wanapotaka kufika,” mama akasema.

“Hapohapo, mama.”

“Hilo nalijua. Endelea.”

“Ni kama kupiga kidonge kwa kidonge. Lakini wanaweza. Wanapiga kweli.”

Akaacha kupepeta. “Na huyo adui akirusha mengi kuliko vidonge vilivyoko kwenye beseni?”

Nikakohoa. Nikasema hapo ndipo penye mjadala mkubwa, wataalamu wenyewe hawaelewani. Kombora la kuzuia ni gumu kutengeneza kuliko la kushambulia.

“Na akirusha ya uongo katikati ya ya kweli?”

“Wanafanya hivyo pia. Wanarusha vitu vyepesi vinavyofanana nayo, ili mlinzi amalizie vidonge kwenye uongo.”

“Na hao walioko juu, wanaoona wa kwanza?” Alielekeza ungo mbinguni. “Ndiyo ile nyota inayotembea?”

Nikacheka, maana nilikumbuka. Zamani baada ya kula tulikuwa tunalala chali kwenye ngozi ya ng’ombe uani, giza ndiyo linaingia, na mara nyota moja inakata mbingu kimya kimya. Mama alitwambia ni nyota iliyotumwa, tusiinyooshee kidole. Tulikuwa tunaificha mikono makwapani mpaka ipite. Siku hizi zinapita nyingi, wakati mwingine zimefuatana msururu, na watoto hawanyanyui hata shingo.

“Ndiyo hizo,” nikasema. “Nyingine ni za simu na hali ya hewa. Nyingine ni za wanajeshi.”

“Kumbe wamejenga madungu hadi huko.” Akaushusha ungo. “Basi watapigana hukohuko. Mimi ningekuwa mwizi wa shamba, ningeanza kuangusha dungu.”

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vinene juu ya kupeleka silaha angani, vya watu wenye miwani mizito kuliko yangu, na mwisho wa yote wanasema alichosema mama yangu na ungo mkononi. Nikamwambia kweli, mataifa makubwa yanatafuta namna ya kupofusha setilaiti za wenzao, nyingine zilishapasuliwa katika majaribio, na vipande vyake vinazunguka huko mpaka leo, havina pa kuangukia.

“Hata vidonge vyetu vilikuwa vinaanguka,” mama akasema. “Ulivunja mtungi wa jirani, umesahau?”

Nilikuwa nimesahau. Kumbe yule mjane nilimvunjia na mtungi pia.

Halafu akarudi palepale pake. “Kwa hiyo inawezekana au haiwezekani?”

“Inawezekana, mama. Siyo asilimia mia, lakini wanazuia mengi. Mji mkubwa kama ule, yanayopenya ni machache sana.”

Akaweka ungo chini kabisa. “Sikiliza. Mimi nikilinda shamba, ndege wakila kikapu kimoja namshukuru Mungu. Nimezuia wengi. Kikapu si kitu, shamba limebaki. Hao wakubwa nao wanalinda shamba, na wana haki ya kufurahi. Lakini mimi huko sina shamba. Nina suke moja.”

Kuku walikuwa wanakula mbegu zangu za mfano na sikuwafukuza.

Alinitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu wa uzee, lakini akikutazama unajua umetazamwa. Halafu akasema, sauti ileile ya siku ile ya ndoo:

“Uliwaona wakienda?”

Sijui alijua nini. Labda nilikuwa nimeishika simu mfukoni kama mtu aliyeficha kitumbua. Labda alilitunza lile swali kwa zaidi ya miaka arobaini akisubiri nikue. Nilihisi joto usoni, mzee mzima nimestaafu na mvi zangu.

“Niliwaona, mama.”

“Wale wa zamani, au hawa?”

“Wote.”

Nikatoa simu nikamwekea ile meseji. Aliisikiliza yote ameinamisha kichwa. Palipofika “huko chini hapatoshi” akainua kiganja, akaniambia nirudishe nyuma, akasikiliza tena hapo tu. Hakulia. Aliniambia, taratibu, maneno ambayo nayastahili mpaka leo: “Umekaa juu ya dungu ukanyamaza tena, wewe.”

Halafu akaomba simu. Nikambonyezea pa kurekodi, nikamshikia karibu na mdomo. Nilidhani atamsihi, atamwombea, atamwambia habari ya mkataba na jembe. Hakusema lolote kati ya hayo. Alisimama, akaweka viganja pembeni ya mdomo, na yule bibi ambaye kanisani alikuwa haimbi kwa kukosa pumzi akaita kwa Kinyiramba, sauti ya kuvuka mashamba matatu: “Kwako!” Akavuta hewa. “Kwako!” Mbuzi wakakurupuka. “Kwako!” Akaniambia tuma.

Nikatuma. Tukakaa tukisubiri.

Nusu saa, kimya. Saa nzima, kimya. Nilimweleza kwamba huenda hana chaji, huenda mtandao, huenda yuko kazini. Mama hakuwa ananisikiliza. Saa ya pili ilipokwisha aliingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kanisani, amejifunga khanga mbili, mkononi ana mfuko wa nailoni wenye kipande cha sabuni na kitambulisho cha kupigia kura.

“Unakwenda wapi, mama?”

“Hajajibu,” akasema, kana kwamba mimi ndiye nimeuliza neno la kijinga. Akashika njia ya barabara kuu.

Ningecheka kama nisingekuwa nalia. Mama yangu hakuwahi kufika hata Dodoma. Alijua Uarabuni iko upande wa mabasi yanayokwenda Singida, basi, hilo lilimtosha. Nilimfuata nikimweleza habari za pasi ya kusafiria na bahari, naye anatembea tu, mgongo umeinama mbele kama mtu anayekwenda kuwahi kitu. Tulifika kituoni, akakaa kwenye gunia la vitunguu la mtu, mfuko mapajani. Mwenye gunia akamwamkia shikamoo na kumwacha akae. Basi la kwanza lilipopunguza mwendo, mama alisimama.

Simu ikalia mkononi mwangu. Ilikuwa meseji ya sauti, fupi mno, nikadhani imekatika. Nikaiweka sikioni mwa mama, tukaisikia sote wawili, sauti ya msichana aliyeshikwa na kwikwi:

“Nimeona! Nimeona, mama.”

Mama akakaa tena kwenye gunia. Akamwashiria kondakta kwa mkono aende zake, kama anayefukuza kuku. Ndipo akalia, na alilia sana, mbele ya watu, na mimi nikasimama mbele yake kumkinga na jua nisijue la kufanya na mikono yangu.

Binti alielewa kwamba ameitwa, akarudi baada ya wiki tano, kwa mzunguko mrefu, mkataba akiuacha ulivyo. Alishukia kituo kilekile. Sijui kilichotokea kwa ile nyumba aliyokuwa anafanya kazi, na sijawahi kuuliza. Pengine imesimama mpaka leo na kombora halijaigusa. Mtu akiniambia kwamba kwa hiyo alirudi bure, namtazama tu.

Mama alifariki mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna, mkono wake ukiwa mkononi mwa kitinda mimba wake. Shamba sasa tunalima alizeti. Dungu limebaki nguzo moja, tunafungia mbuzi. Jioni setilaiti zinapita msururu, nami najikuta nimeingiza mikono makwapani.

Ile sauti yake ipo kwenye simu yangu. Kuna siku naifungua nikiwa peke yangu shambani. Anaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdogo wangu aliniuliza kwa nini siitiki, walau kwa heshima. Sikumjibu. Huwa nakaa kimya makusudi, nikiangalia njia, maana kwetu asiyejibu hukimbiliwa.